Usimkaririshe mzazi majibu kabla hajapimwa kumbukumbu

Jamani mnaoishi na wazee naomba mnisikilize. Mwaka jana mama yangu alitoka soko la Mgandini akapotea, yaani nyumba yake mwenyewe hapa Ngamiani asiione, karudishwa na kijana wa bodaboda anayemjua. Nikaona lazima apimwe kumbukumbu. Sasa kosa langu ni hili, usiku wake nikakaa naye nikamkaririsha tarehe, mwezi, jina la rais, kama mtoto anaenda mtihani wa taifa.

Kesho yake akaulizwa leo siku gani, akanyamaza, nikamjibia mimi. Mtaalamu akanitazama kwa upole: "Dada, nikijua wewe unakumbuka itamsaidia nini mama?" Niliumia, ila alisema kweli. Kile kipimo hakuna kufaulu wala kufeli. Anatajiwa maneno machache, anaongeleshwa mengine, baadaye anaulizwa yale ya mwanzo, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na kila kipande kinaangalia kitu chake, sasa ukimkaririsha unafunika palepale panapouma.

Halafu mwambie anayepima mzazi kasoma mpaka wapi. Mama kaishia darasa la nne, na mahali pa kwanza tulipokwenda alipewa kalamu achore saa, mkono unatetemeka, alama chache, tukaambiwa ni uzee tu nendeni. Sikuridhika mpaka leo! Vipimo vingi vilitungwa kwa watu waliosoma, mfano MMSE ya mwaka 1975 yenye alama 30, asiyesoma anapoteza alama hata akili ikiwa timamu. Ndo maana kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kinaitwa IDEA, humo mtu hashiki kalamu, anapanga njiti za kiberiti. Ulizia kama wanacho.

Miwani msisahau, na dawa zote anazokunywa zibebe, maana dawa nyingine zinavuruga kumbukumbu, hata sonona, tezi ya shingo au upungufu wa vitamini B12 vinaweza kumfanya mtu aonekane kapoteza akili kumbe vinatibika.

Na daftari. Tabia za nyumbani hazionekani kwenye chumba cha daktari, wewe unayelala naye ndo unazijua. Mimi safari ya pili niliandika kila kitu na siku yake: mchuzi katia chumvi mara mbili, jiko kaliacha linawaka, kamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yangu. Mtaalamu alilisoma lile daftari muda mrefu kuliko karatasi ya alama, akaomba abaki nalo.