Kupekua nyaraka za zamani kwa ajili ya kesi: programu iwe na nini?

Pole na presha ya wakili, dada. Umeuliza programu ya kupekua barua pepe na ankara za miaka sita za kampuni yenu ya kahawa hapo Moshi iwe na nini ndani yake.

Kwanza, leo hii zuia mtu yeyote asifute kitu. Programu nzuri ina sehemu ya kufungia nyaraka za kesi. Mkiwa bado hamjainunua, mwambie fundi wa kompyuta azime ufutaji wa kiotomatiki.

Cha pili ni injini ya utafutaji, na hapa ndipo wengi wetu huumia. Ukiandika “lipa”, programu nyingi hazitaleta “tumewalipa” wala “malipo”. Jaribu “*lip*” uone kama inakubali nyota mwanzoni; nyota husimama badala ya herufi zozote. Kaa pia na karani wa ghala akutajie maneno yao. Mimi nilitafuta “kahawa” siku mbili, kumbe wao waliandika “mzigo” tu.

Ankara zilizoskaniwa ni picha, hivyo lazima programu iweze kusoma maandishi yaliyomo. Iondoe nakala zinazojirudia.

Halafu kumbukumbu ya nani alifungua nini na lini. Usiikubali programu isiyo nayo, hata iwe ya bei rahisi vipi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime jinsi ushahidi ulivyotunzwa, kwa hiyo barua pepe za asili msiziguse, fanyieni kazi nakala.