Wadogo zangu mnaoanza kazi mlima Meru, kazi iko kwenye kushuka

Kila wiki kuna kijana ananitafuta nimuunganishe na kazi ya mlima, wengi wenu ni wa hapa hapa Arusha, Tengeru na Usa River, mmekua mnauona Meru kila asubuhi mkitoka nje kupiga mswaki na nadhani ndo maana mnauchukulia poa. Mi nimebeba mizigo miaka minne kabla sijawa msaidizi wa kiongozi, na nilipoanza hakuna mtu alinambia hiki: Meru watu wanaumia wakati wa kushuka. Kupanda kila mtu yuko makini, mgeni ana nguvu, kiongozi anasema pole pole mpaka mdomo unakauka, alafu samiti, yaani kilele, ikishapatikana akili za watu zinatangulia nyumbani wakati miguu bado iko juu.

Angalieni namba zenyewe. Geti la Momella liko karibu mita 1,500 toka usawa wa bahari, kibanda cha Miriakamba mita 2,514, kibanda cha Saddle mita 3,570, na kileleni, kile kinaitwa Kilele cha Ujamaa, ni zaidi ya mita 4,560. Sasa mgeni akinunua safari ya siku tatu ina maana siku ya tatu anaamka usiku Saddle, anapanda mita kama elfu moja, alafu anashuka kutoka kileleni mpaka getini, mita elfu tatu za kushuka siku moja na hajalala. Siku nne ni tofauti, akitoka kileleni anapumzika Saddle, anashuka Miriakamba analala, kesho yake ndo anaenda geti. Kama una nafasi ya kuongea na mgeni kabla hajalipa mwambie achukue siku nne, na kama wewe ni mgumu tu, yaani mbeba mizigo, huna sauti hiyo basi angalau ujue siku ya tatu ya safari ya siku tatu ndo siku ya kuwa macho.

Hili nalisema kwa sababu nimeliona. Safari yangu ya sita au ya saba hivi, kampuni moja ilikua na ratiba ya siku tatu na gari inasubiri geti saa tisa, kiongozi anapigiwa simu wageni wengine wanafika jioni, basi tukawa tunamkimbiza mama mmoja mtu mzima kwenye njia fupi chini ya Miriakamba na ilikua imenyesha. Akateleza, goti likageuka. Tulimbeba kwa zamu mpaka chini, analia kimya kimya hataki kutusumbua, na mi mpaka leo nikipita pale naikumbuka ile kona. Hakuna gari duniani inayostahili goti la mtu.

Tuje kwenye njia. Wengi mnajua mlima uko kaskazini ya mji kwaiyo mnadhani unapandwa kutokea huku Ilboru au Sakina, hapana, njia ya wageni inaanzia upande wa mashariki, Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Unatoka mjini barabara ya Moshi, Usa River unakunja kushoto, unapita geti la Ngongongare, pale kwenye uwanda wa Serengeti Ndogo unaona twiga, alafu Momella. Kutoka Momella kwenda Miriakamba kuna njia mbili. Ndefu ni ile inayofuata barabara ya zamani ya gari, inapita kwenye ule mti mkubwa wenye tundu katikati kama mlango, kila mgeni anataka picha pale kwaiyo hesabu muda wake, na msituni kuna mbega na miti imening'inia ndevu za kijani. Fupi inapanda moja kwa moja, nayo ndo inayotumika sana kushukia. Fupi haimaanishi rahisi, ina mwinuko mkali na mvua ikinyesha udongo unakua sabuni.

Mbogo. Hapa msilete ujuaji. Meru sio Kili, huku chini kuna mbogo na tembo kweli kweli na ndo maana kila kundi linaenda na renja mwenye bunduki. Kuna vijana wanaona renja anatembea taratibu na wageni, na wao kwa sababu wamebeba mzigo wanataka kuwahi kibandani wakapike, wanakata peke yao. Usitembee peke yako. Subirianeni, muende kundi, muongee kwa sauti ya kawaida msipige kelele za disko, na spika ya bluetooth iache nyumbani maana unahitaji masikio yako. Ukikuta kinyesi cha moto kinatoa mvuke ujue mwenyewe hayuko mbali, simama, mwambie aliye na uzoefu.

Kuhusu vibanda, uzuri wa Meru ni kwamba wageni wanalala kwenye vibanda kwaiyo hatubebi mahema, na hapo ndo wengi wanadanganyika wanakuja na nguo nyepesi. Mi safari ya kwanza nilikuja na raba na sweta moja, niliahidiwa koti nikalipata kwa maneno tu, usiku wa Saddle nilikaa jikoni karibu na jiko mpaka asubuhi kwa sababu kitandani nilikua natetemeka meno yanagonga. Mitumba ya masoko ya Kilombero na Tengeru ina makoti mazuri na soksi za sufu, anza na hivyo kabla ya simu mpya. Koti la mvua, kofia ya kufunika masikio, glavu, tochi ya kichwani na betri za ziada, buti lenye meno. Sliping begi yako mwenyewe ukiweza. Na chakula funga vizuri, kule Saddle wale kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe wanafungua begi mbele ya macho yako, na usiku panya wanamalizia.

Mzigo unapimwa getini. Ukiambiwa chukua na hiki kidogo baada ya kupima, kataa kwa heshima, sema bosi mgongo huu ndo shamba langu. Najua ni ngumu ukiwa mgeni kwenye kazi unaogopa usiitwe tena, lakini nimeona vijana wa miaka ishirini na tano wanatembea kama wazee.

Siku ya Saddle mkifika mapema wageni huwa wanapelekwa Meru Mdogo, mita 3,820, kwenda na kurudi ni muda mfupi tu. Wengine wanaona ni kupoteza nguvu, mi naona ndo dawa bora ya ugonjwa wa mwinuko kuliko kidonge, mwili unapanda juu kidogo alafu unarudi kulala chini. Pia ndo wakati wa kumsoma mtu wako. Kula anakula? Maji anakunywa? Kichwa kinauma kidogo hiyo ni kawaida, ila kichwa kinauma na anatapika na dawa haisaidii huyo usiku haendi juu. Akianza kuyumba kama mlevi, mwambie atembee mstari mmoja kisigino kikigusa vidole, akishindwa anashuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Anayehema akiwa amekaa tu na anakohoa mapovu, vile vile. Usimsubirishe asubuhi na usimuonee aibu kwa sababu amelipa hela nyingi. Wazee wa mlima wanasema mlima umemkataa, basi, mwakani utamkubali. Wewe unayebeba ndo unakaa nao karibu jikoni na mezani, ukiona kitu mwambie kiongozi, usinyamaze eti sio kazi yangu.

Usiku mnatoka Saddle saa saba au saa nane. Mpaka Rhino Point ni mwinuko wa majivu na vichaka, baada ya hapo kuna kipande cha miamba laini kilichoinama ambapo mnapita kwa kushika, wakati wa baridi kali kinakua na barafu nyembamba usiyoiona. Kwenda mnakipita gizani mgeni haoni chini kwaiyo hana hofu. Kurudi ni mchana, anaona kila kitu, ukuta wa kreta, lile shimo la volkano, upande mmoja unashuka mbali sana, na miguu imechoka. Hapo ndo wanaganda. Usimvute mkono. Simama chini yake, uso wako auone, mwambie aweke mguu huu, sasa huu, mwangalie usoni na usiangalie saa. Nimewahi kukaa pale na kaka mmoja karibu dakika arobaini na tulipita salama.

Juu penyewe siwezi kuwaelezea vizuri, jua linatokea nyuma ya Kilimanjaro na kule chini ndani ya kreta kuna kile kilima cha majivu, mlima huu ulilipuka mara ya mwisho 1910 na upande wote wa mashariki ulishabomoka maelfu ya miaka iliyopita, ndo maana umekaa kama kiti. Mi kila nikifika nanyamaza kidogo. Ila baada ya Saddle hakuna maji ya kuchota, kwaiyo kile ulichobeba ndo hicho, na nusu yake iwe bado ipo mkianza kugeuka.

Masika, Machi mpaka Mei, kazi zinapungua na njia inakua mbaya, tumieni miezi hiyo kujifunza kiingereza, huduma ya kwanza na majina ya miti na ndege, kiongozi hazaliwi msimu wa wageni wengi.

Kitu kimoja kidogo ambacho wengi hawakifanyi. Jioni ile ya Saddle kabla watu hawajalala mwambie kila mgeni akate kucha za miguu ziwe fupi kabisa, na mkianza kushuka msimamishe, akae, umkazie kamba za buti hapo kwenye kifundo ili mguu usisukumwe mbele. Dakika tano tu. Bila hivyo mkifika Miriakamba anavua soksi ina damu, kucha imesimama, na bado kuna msitu mzima mpaka geti.