Aliyetuusia mali angali hai: tumshukuru vipi?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni katibu wa kamati ya kituo cha mayatima hapa Eastleigh, Nairobi. Wazee saba wametuandikia wasia: mmoja ploti, mwingine nyumba za kupangisha, waliobaki fedha. Wote wangali hai. Mwenyekiti anataka majina yao yachongwe kwenye jiwe la marumaru langoni, na kila Ramadhani wafuturishwe hotelini na kupewa vyeti. Mama mmoja wa South C amekataa, anasema asijulikane mpaka azikwe. Je, kuwatangaza si kuwatia kwenye riya, yaani kutenda jema ili waonekane na watu? Na tukinyamaza, si utovu wa shukrani?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, ndugu katibu.

Shukrani ni deni lenu. Mtume (s.a.w.) amesema, kama alivyopokea Abu Daud, kuwa hamshukuru Mwenyezi Mungu asiyewashukuru watu. Kutangaza ni jambo jingine. Qur'ani (2:271) imeisifu sadaka ya dhahiri, kisha ikasema ile ya siri wapewayo mafukara ni bora zaidi. Basi jiwe si haramu, ila ruhusa ni ya mwenye jina. Riya iko moyoni, nawe huna mizani ya kuipimia moyo wa mtu. Anayeridhia, mwandikeni jina bila kiasi, na majina yafuate alifabeti. Mwenye ploti asikae juu ya mwenye elfu kumi. Yule mama amekwisha kuwajibu. Hata kwenye daftari linalofunguliwa na kila mjumbe asiwemo.

Kuhusu futari ya hoteli, nakuuliza mimi: italipwa na nani? Kama ni fedha za watoto, hapana. Aliyetoa alitoa kwa ajili ya yatima, hakutoa kwa ajili ya biriani ya watu wazima, na aya ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma (4:10) mnaijua. Kamati ichange mifukoni mwao, au wazee waalikwe kituoni, wakae mkekani na watoto, tende na uji na sambusa. Mzee aliyeandika wasia atafurahi zaidi kumsikia mtoto akisoma Juzuu Amma kuliko kupokea cheti atakachokisahau kwenye matatu.

Lakini shida yenu kubwa, naona, haiko kwenye jiwe. Nimewahi kuona wajumbe wa kamati wakienda kumjulia hali mgonjwa, na kabla ya kumwombea dua wanauliza hati ya ardhi iko wapi. Huko ni kumchimbia mtu kaburi naye anawatazama. Tumtazame swahaba wa Mtume, Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Aliugua sana Makka, Mtume akaenda kumtazama. Saad mwenyewe ndiye aliyeanza kutaja mali: nitoe theluthi mbili? Hapana. Nusu? Hapana. Kisha akaambiwa, "Theluthi, na theluthi ni nyingi," na kwamba kuwaacha warithi wako wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Mgeni aliyekuja kumwona alimpunguzia, hakumwongezea! Akamwambia pia kuwa huenda akaishi hata watu wanufaike naye. Na kweli, Saad akapona, akaja kuongoza jeshi la Waislamu kwenye vita vya Qadisiyya.

Kwa hiyo mzee akiwapa zaidi ya theluthi, mwambieni ninyi wenyewe kwamba ziada haipiti ila warithi wakubali baada yake. Tena wasia si wakfu, yaani mali ambayo mtu anaitoa moja kwa moja kwa ajili ya kheri. Mwenye wasia ana haki ya kuubadilisha madamu yu hai. Akiufuta, msimwambie "uliahidi", na msiache kumtembelea. Wakfu ukishatimia, kwa wanazuoni wengi haurudi. Anayetaka kutoa ploti leo aelezwe tofauti hiyo kabla ya kutia sahihi.

Wasia uandikwe na ushuhudiwe na watu wawili waadilifu, wala si wajumbe wenu. Mkiruhusiwa na mwenyewe, watoto wake wajue mapema, kwa sababu magomvi mengi huanza matangani pale karatasi inapotolewa ghafla. Yakifika mbali, kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinawapa Makadhi mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu wanaoridhia mahakama hiyo. Na akishafariki, kubadilisha alichoagiza ni dhambi juu ya wabadilishaji (2:181). Akisema nyumba ni ya karo, isigeuzwe kuwa ofisi.

Kuna shukrani moja isiyogharimu kitu. Mwenyezi Mungu alimwamrisha Mtume wake apokee sadaka za watu na awaombee, kwani dua yake ni utulivu kwao (9:103). Waombeeni wangali wanasikia. Yule mama naye, nenda South C wewe na mkeo, umpelekee matunda, umsikilize habari za magoti yake. Usibebe fomu.

Wallahu aalam.