Maswali ya Wasomaji: Sarafu ya wakia moja ipelekwe kupangiwa daraja, au ibaki ilivyo?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Columbus, Ohio, pamoja na mke wangu na watoto. Binti yetu wa mwisho alipozaliwa mwaka 2021 tulinunua mrija mzima wa sarafu 20 za Marekani za madini ya fedha, kila moja ya wakia moja (gramu 31.1 hivi), zile zenye mwanamke anayetembea kulielekea jua upande mmoja na tai upande wa pili, kwa nia ya kumwekea akiba. Hivi karibuni mwenzangu kazini amenionyesha kwenye intaneti sarafu kama hizo zikiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lililoandikwa MS70, nazo zinauzwa kwa bei ya juu kuliko niliyolipa mimi. Ananishauri nizipeleke zote zikapangiwe daraja, akisema kwamba pesa zipo nje nje. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, usizipeleke zote, na huenda ukaona baada ya kuzitazama kwamba hakuna hata moja ya kupelekwa. Naomba unipe nafasi nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo hili huwagharimu wengi walioanza kwa nia njema kama yako.

Kampuni mbili zinazotajwa zaidi katika kazi hii, PCGS na NGC, zote ni za Marekani. Ya kwanza ilianza kupokea sarafu mwaka 1986 na ya pili ilianzishwa mwaka 1987. Wataalamu wake huthibitisha kwamba sarafu ni halisi, huipa daraja kati ya 1 na 70, kisha huifunga ndani ya kasha lenye namba ya cheti. Kipimo hicho cha hadi 70 kilitokana na kazi ya William Sheldon, ambaye mwaka 1949 alikipendekeza kwa ajili ya sarafu kubwa za shaba za senti moja za zamani. Kwa sarafu ya namna hiyo, iliyopita mikononi mwa watu kwa miongo mingi, tofauti kati ya daraja la 20 na la 50 inaweza kuwa pesa nyingi, na jicho la mtaalamu lina thamani ya kweli. Sarafu zako hazijawahi kutumika sokoni, na hiyo ndiyo maana ya herufi MS ulizoziona, kwa hiyo zote zinaangukia kati ya 60 na 70, na kwa jinsi viwanda vya siku hizi vinavyofanya kazi, nyingi zitapata 69 au 70. Maana yake ni kwamba utalipa ada ili uambiwe tofauti ya alama moja, ambayo mtaalamu huiamua kwa kutazama kama kuna dosari yoyote inayoonekana kwa lenzi ya kukuza mara 5.

Swali linalofuata ni la hesabu. Namba nitakazotumia ni za mfano tu, nawe uweke zako kulingana na ada na bei za siku utakayoamua. Tuseme kwamba ada ya kampuni, gharama za ushughulikiaji, usafirishaji wa kwenda na kurudi pamoja na bima, vyote vikigawanywa, vinafikia dola 30 kwa kila sarafu, yaani dola 600 kwa mrija wako. Tuseme pia kwamba sarafu ya daraja la 69 inauzwa dola 10 zaidi ya sarafu isiyo na kasha, na ya daraja la 70 inauzwa dola 40 zaidi. Zikirudi 4 zenye 70 na 16 zenye 69, umeongeza thamani ya dola 320 kwa kutumia dola 600. Ili usipate hasara unahitaji angalau sarafu 14 kati ya 20 zipate daraja la juu kabisa, na hapo hatujakata kamisheni ya mnada au ya tovuti utakayouzia. Unaona basi kwamba kinachoamua si bei ya ile iliyopata 70, ambayo ndiyo mwenzako aliyokuonyesha, bali ni hatima ya zile zilizopata 69, ambazo hakuna anayezitangaza kwa shangwe.

Utauliza mbona zenye 70 zimejaa sokoni. Sababu kubwa ni kwamba wafanyabiashara wakubwa hununua makasha yaliyofungwa kiwandani, kila moja likiwa na mirija 25 ya sarafu 20, yaani sarafu 500, na huyapeleka kwa wingi kwa ada ya chini kuliko atakayotozwa mtu mwenye mrija mmoja. Zisizofikia daraja wanalolitaka huziuza kwa bei ya madini. Wewe huna ada hiyo wala wingi huo, na ukiingia katika shindano lao utakuwa unashindana kwa masharti yao.

Hata hivyo, kabla ya kufunga mjadala, zitazame. Nawa mikono na uikaushe, tandika kitambaa laini mezani, kisha itoe sarafu moja kwa kuishika ukingoni tu, bila vidole kugusa uso wake. Isimamishe chini ya taa moja na uigeuzegeuze polepole ili mwanga utembee juu yake. Anza na sehemu zilizoinuka, kama kifua na paja la yule mwanamke, kwa kuwa ndizo zinazogongana na sarafu jirani ndani ya mrija; kisha tazama uwanda mtupu ulio mbele yake, ambako hata mkwaruzo mwembamba kama unywele hung'aa mwanga ukiupitia; malizia na ukingo wote, mbele na nyuma. Ukiona alama kwa jicho tupu, sarafu hiyo si ya 70, irudishe mahali pake. Na tafadhali, usiisafishe. Dawa ya meno, majivu, limau na soda ya kuokea, ambavyo majumbani mwetu tumezoea kung'arishia vyombo vya fedha, huacha mikwaruzo na kuubadili uso wake. Kampuni zikigundua, sarafu hurudi bila daraja la namba, ikiwa imeandikwa kwamba ilisafishwa, na hapo umelipa ada kwa ajili ya kuthibitisha uharibifu.

Ziko sarafu za aina hii ambazo nisingesita kuzipeleka. Sarafu ya dhahabu ya Marekani ya mwaka 1999, ya robo wakia au ya sehemu moja ya kumi ya wakia, ikiwa na herufi W, ilipigwa kwa vyuma vya chapa vilivyokusudiwa sarafu za maonyesho, yaani zile zenye uso unaong'aa kama kioo za wakusanyaji, lakini havijakamilishwa kung'arishwa. Sarafu za kawaida za aina hiyo hazina herufi yoyote, kwa hiyo cheti hapo kinaondoa shaka ya mnunuzi. Sarafu ya fedha ya mwaka 1996 nayo ilitolewa kwa kiasi kidogo kuliko mwaka mwingine wowote katika mfululizo wake ulioanza 1986, yaani 3,603,386, na iliyo safi kabisa hutafutwa. Kuna pia zile 79,640 za mwaka 2015 zilizopigwa Philadelphia, ambazo hazina alama ya kiwanda na haziwezi kutofautishwa kwa macho na nyingine za mwaka huo. Kilichozitambulisha ni namba za yale makasha makubwa ya sarafu 500 yaliyokuwa bado yamefungwa kama yalivyotoka kiwandani, kwa hiyo anayemiliki moja iliyo wazi hawezi tena kuithibitisha.

Sarafu zako za 2021 haziko katika kundi hilo. Mwaka huo zilitoka sura mbili, ile ya tai wa John Mercanti iliyotumika tangu 1986, na kuanzia katikati ya mwaka ile ya tai anayetua iliyobuniwa na Emily Damstra, lakini zote zilipigwa kwa mamilioni. Usivutwe pia na lebo zinazodai kwamba sarafu ni ya mwanzo kutoka kiwandani. Lebo hizo hutegemea tarehe ambayo sarafu ilipokelewa baada ya kutolewa, na Kiwanda cha Sarafu cha Marekani chenyewe hakiweki kumbukumbu ya ipi ilipigwa kabla ya ipi.

Mimi ningeziacha ndani ya mrija wake, mahali pakavu, pamoja na risiti ya ununuzi. Siku binti yenu atakapotaka kuziuza, bei ya fedha ndiyo itakayobeba sehemu kubwa ya thamani yake, na madini yakipanda sana, nyongeza ya bei inayotokana na daraja huzidi kuwa sehemu ndogo ya jumla.

SWALI: Marehemu baba alituachia Krugerrand moja, sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, ya mwaka 1978. Sonara mmoja hapa Dar es Salaam anataka kuinunua kama dhahabu ya kuyeyusha, na shemeji yangu anasema tuipeleke kwanza Marekani ikapangiwe daraja. Tufanye nini?

JIBU: Poleni kwa msiba. Msimpe sonara haraka, wala msiipeleke Marekani. Krugerrand zilianza mwaka 1967 zikiwa chache, 40,000 tu kwa toleo la kawaida, na zile za miaka mitatu ya kwanza zina wapenzi wake; lakini mwaka 1978 zilitolewa zaidi ya milioni 6. Daraja halitabadilisha sana bei yake, ilhali kusafirisha dhahabu nje ya nchi kuna taratibu za forodha na gharama za bima ambazo zitakula faida yote.

Mnachohitaji ni uhakika kwamba ni halisi, na huo unaweza kuanzia nyumbani. Ya wakia moja ina uzito wa gramu 33.93, kwa kuwa ndani yake mna gramu 31.1 za dhahabu halisi na iliyobaki ni shaba, ambayo ndiyo inayoipa wekundu wake. Kipenyo chake ni milimita 32.7 hivi, na sumaku haiivuti. Uzito ukiwa sahihi lakini unene umezidi, kuna kasoro, kwa sababu metali nyingi za bandia ni nyepesi kuliko dhahabu na huhitaji nafasi kubwa zaidi. Baada ya hapo tafuteni mnunuzi mwenye leseni aliye na mashine ya kupima kwa miale, na mkatae katakata isisuguliwe kwenye jiwe wala kutiwa asidi, maana mnunuzi atakayekuja baadaye atalipa pungufu kwa kila alama. Hesabuni bei kwa gramu 31.1 za dhahabu safi kwa bei ya siku hiyo, kisha linganisheni na alichowaahidi sonara wenu.

SWALI: Nina sarafu tatu za fedha za Somalia zenye tembo, nilizonunua nikiwa Ujerumani. Moja imetoka madoa meupe ingawa sijawahi kuifungua. Nikizipeleka zifungwe kwenye makasha, zile mbili zitasalimika? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Hapana. Madoa hayo ya rangi ya maziwa huaminika kutokana na masalia ya kiwandani yanayobaki juu ya fedha wakati wa kuitengeneza, na yanaweza kujitokeza hata baada ya sarafu kufungwa na kupewa 70. Ni tatizo linalozikumba sarafu za fedha za nchi nyingi. Kanada ilifikia hatua ya kutangaza teknolojia maalumu mwaka 2018 ili kulipunguza. Lebo itabaki na namba yake, lakini mnunuzi atakuwa anaona doa.

Sarafu za tembo, ambazo hupigwa Bavaria kwa jina la Somalia tangu mwaka 2004, hubadilishwa picha kila mwaka, na wapo wanaozikusanya mwaka kwa mwaka, kwa hiyo mwaka wa toleo una uzito kuliko alama ya 69 au 70. Ziache katika vifuniko vyake. Na ukitaka kununua nyingine ambayo tayari ina kasha, usiridhike na kasha pekee, kwani nayo hughushiwa: ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni husika, na kama picha ipo, linganisha kila doa na kila mkwaruzo na sarafu uliyoishika.