Baiskeli nyepesi ya kaboni yenye breki za diski kwa milima ya Mbeya na Iringa: pa kupunguza gramu na pa kuziacha

Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 80 kwa pamoja, akipanda kimo cha mita 1,000 kwa nguvu ya wati 250, atatumia kama dakika 52, tukiacha upepo na msuguano wa tairi pembeni. Baiskeli ikipungua kilo moja, anaokoa sekunde 39 hivi. Kwa hiyo gramu 100 ni sekunde nne. Andika hesabu hii kwenye karatasi kabla hujanunua hata nati moja, maana ndiyo itakayokuonyesha gramu ipi ina thamani ya fedha unayoitoa.

Kwa anayeendesha tambarare muda wote, uzito si jambo kubwa. Kwa anayetoka Mbeya mjini kupanda Kawetire kuelekea Chunya, au anayeukabili Kitonga akitokea Ruaha Mbuyuni, ni jambo la maana. Ila kila mlima uliopandwa lazima ushukwe, na kutoka Tukuyu hadi Kyela kimo kinaanguka takribani mita 1,000. Kwa kilo 80, hiyo ni nishati ya kilojuli 785, joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji baridi. Sehemu huchukuliwa na upepo, na inayobaki unaimaliza wewe kwa breki. Ndiyo maana msimamo wetu ni huu: punguza uzito popote, ila usiguse breki, tairi wala bolti zinazoshika usukani.

Fremu

Fremu ya kaboni ya saizi 54 au 56 yenye gramu 900 hadi 1,000, na foku (uma wa mbele unaoshika gurudumu) ya gramu 400, inatosha kabisa. Zipo fremu za gramu 750 na chini ya hapo, lakini kuta za mabomba yake ni nyembamba, na baiskeli ya huku husafirishwa kwenye buti la basi pamoja na magunia. Tofauti ya gramu 200 ni sekunde nane kwa mita 1,000 za kupanda. Haitoshi kuhatarisha ufa.

Angalia mambo haya kabla ya kulipa: ekseli za kupenya ziwe za milimita 12 kwa 100 mbele na 12 kwa 142 nyuma, kwa sababu ndizo zinazotumika kwenye magurudumu mengi ya kisasa. Nafasi ya tairi ifike milimita 32. Fremu iruhusu diski ya milimita 160 mbele na nyuma. Na kikombe cha beringi za krenki (mikono inayobeba pedeli) kiwe cha kufunga kwa nyuzi, si cha kugongwa. Cha kugongwa huanza kulia vumbi likiingia, na kukitoa kunahitaji zana ambazo mafundi wengi wa huku hawana. Cha nyuzi za Kiingereza, chenye bomba la upana wa milimita 68, hufunguliwa kwa spana moja. Kumbuka kwamba kikombe cha kulia, upande wa cheni, hukazwa kinyume cha mwendo wa saa. Wengi huharibu nyuzi hapo kwa kulazimisha.

Agiza pia kipande cha alumini kinachobeba kibadilisha gia cha nyuma, viwili kwa pamoja. Hicho hupinda baiskeli ikianguka kidogo tu upande wa kulia, na kila fremu ina umbo lake. Kukipata baadaye ni kazi ya wiki kadhaa.

Kama fremu ni ya mtumba, ioshe, kisha igonge polepole kwa sarafu kuanzia kwenye krenki, mabomba ya nyuma, hadi mwanzo wa foku. Sauti inapaswa kuwa kali na ya aina moja. Ikibadilika ghafla na kuwa butu, kaboni imeachana ndani. Vua foku nzima uone bomba lake la juu. Mkwaruzo wa kuzunguka pale shingo ya usukani inapobana ni sababu ya kuiacha. Hakuna bei rahisi inayofidia foku mbovu.

Breki: hapa ndipo pa kukaa

Sababu ya kuchagua diski kwa gurudumu la kaboni ni joto. Breki za kubana ringi hupeleka joto lote kwenye kaboni, na kwenye mteremko mrefu gundi yake hulainika. Ringi huvimba au tyubu hupasuka. Kwa diski, joto linabaki kwenye chuma, mbali na ringi.

Tumia diski za milimita 160 mbele na nyuma. Diski ya 140 ni nyepesi kwa gramu 20 hadi 25 hivi kila moja. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: kwa zote mbili unaokoa sekunde mbili kwa mita 1,000, halafu kwenye Kitonga nyuma ya lori la mizigo unapungukiwa nguvu ya kusimama na eneo la kupoza joto. Hatuoni sababu ya kubadilishana hivyo. Mwenye kilo chini ya 60 anaweza kuweka 140 nyuma, mbele ibaki 160.

Mafuta ya breki yanapaswa kuamua chapa utakayonunua, jambo ambalo wauzaji wa mbali hawalitaji. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Za SRAM za baiskeli za barabarani hutumia mafuta ya DOT, yale ya breki za magari. DOT 4 inapatikana kwenye duka lolote la spea za magari Mbeya, Iringa au Makambako. Mafuta ya madini itabidi uyaagize, kwa hiyo chukua chupa nzima pamoja na baiskeli. Upande wa pili, DOT hunyonya unyevu wa hewa: ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230 za Selsiasi, ikishaloa hushuka hadi 155. Katika ukanda wa mvua nyingi kama Rungwe, ibadilishe kila mwaka, na usitumie chupa iliyokaa imefunguliwa dukani. Mafuta ya madini hayana shida hiyo. Usichanganye kamwe: DOT ikiingia kwenye breki ya Shimano huvimbisha sili zake na mfumo wote hufa. Mafuta ya jeki si mbadala, na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, haifai kwa breki yoyote kati ya hizi.

Kabla ya kukata hozi, amua breki ya mbele itakaa mkono gani, pitisha kila kitu ndani ya fremu, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, ndipo uweke alama. Vesha hozi mpira wa sponji kwenye sehemu ya ndani ya fremu. Ukiusahau, kila tuta la kijijini litaigonga hozi kwenye kaboni. Kata kwa kisu maalumu ili uso uwe wima. Kila unapokata, weka kipande kipya cha ndani na pete mpya ya kubana, kisha kaza nati kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 hadi 6. Pete iliyotumika tayari huvuja, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Bolti za kalipa (kifaa chenye pistoni kinachobana diski) ya nyuma hupita ndani ya fremu, na urefu wake hutegemea unene wa bomba. Kwa Shimano, bolti ikishapenya inapaswa kuchomoza milimita 13 upande wa pili, kabla ya kuweka kalipa. Fupi zaidi zitang'oa nyuzi. Ndefu zaidi zitagota kabla ya kubana. Kaza Nm 6 hadi 8. Kama kalipa hainyooki na diski hata ukiilegeza na kuibana upya huku umekamata mkono wa breki, tazama rangi chini yake: rangi nene iliyoganda kwenye fremu huiinamisha, na inabidi ikwanguliwe taratibu.

Kutoa hewa kwenye Shimano: toa gurudumu na pedi, weka kipande cha plastiki cha njano kati ya pistoni, funga kikombe juu ya mkono wa breki ukiwa umelazwa sawa, kisha sukuma mafuta kwa sindano kutoka kwenye kalipa kwenda juu. Hewa hupenda kupanda, kwa hiyo ifuate njia yake. Gonga hozi kwa vidole, inamisha usukani mbele na nyuma, rudia hadi mapovu yaishe. Mkono ukibaki laini baada ya hapo, hewa imejificha kwenye kalipa. Ining'inize ikitazama chini na uanze tena.

Pedi za resini hazina kelele na hushika haraka, lakini kwenye mvua na tope la Tukuyu huisha upesi. Pedi za chuma hudumu zaidi. Soma maandishi kwenye diski kwanza, maana baadhi ya diski za bei nafuu ni za resini pekee. Pedi ikibaki na nyenzo ya milimita 0.5, itoe. Diski mpya ya Shimano ina unene wa 1.8, ikifika 1.5 imekwisha.

Kabla ya mteremko wowote, zoeza pedi na diski: punguza mwendo kwa kubana wastani mara 20, kisha mara 10 kwa kasi kubwa na kwa nguvu zaidi, bila kusimama kabisa wala kufunga gurudumu. Asiyefanya hivi ndiye anayelalamika kwamba breki zinalia. Diski safisha kwa alkoholi ya isopropili, si kwa kitakasa mikono, ambacho mara nyingi kina gliserini na huacha utando. Pedi iliyolowa mafuta ya cheni haisafishiki, itupe.

Magurudumu, tairi na gia

Hapa ndipo fedha inaleta faida. Magurudumu ya kaboni yenye ringi ya kimo cha milimita 30 hadi 40 yana gramu 1,350 hadi 1,500, wakati ya alumini yanayokuja na baiskeli nyingi yana karibu 1,900. Chagua yenye spoku 24 kila moja na uagize spoku nne za akiba kwa kila urefu; upande wa diski na upande wa pili mara nyingi hutofautiana. Ringi zisizo na ukingo wa ndani wa kushika tairi hazivumilii zaidi ya bar 5, yaani psi 72, na hukubali tairi za tyublesi (za kutumika bila tyubu) zilizoidhinishwa tu. Kwa kuwa pampu nyingi za barabarani hazina geji ya kuaminika, tunapendelea ringi zenye ukingo.

Tairi ya milimita 28 au 30. Tyubu za plastiki nyembamba, zile za TPU, zina gramu 35 hadi 40, za kawaida karibu 100: umeokoa gramu 120 kwa fedha kidogo kuliko popote pengine. Kiraka chake ni cha aina yake, hivyo beba mbili.

Gia ziwe za meno 50 na 34 mbele, kaseti ya 11 hadi 34 nyuma. Usione aibu kwa 34 kwa 34. Ukichagua gia za umeme, angalia hata betri ndogo za mikono ya kubadilishia gia: SRAM hutumia CR2032, ambayo iko kila duka la saa na rimoti, Shimano za gia 12 hutumia CR1632, na hiyo uitafute mapema. Shimano 105 ya gia 12 inayovutwa kwa waya haihitaji betri, na waya hubadilishwa popote.

Ukijumlisha kwa gramu: fremu 900, foku 400, beringi za usukani 80, magurudumu 1,450, tairi 560, tyubu 80, diski 230, kaseti 350, mikono na kalipa na hozi 1,000, krenki na beringi zake 820, vibadilisha gia 350, cheni 250, usukani na shingo 340, siti na nguzo yake 350, ekseli, tepu na vishika chupa 180, pedeli 250. Inakuja karibu kilo 7.6, tayari kwa barabara. Kikomo cha chini cha UCI, shirikisho la baiskeli duniani, kwa mashindano ni 6.8, na kukifikia kutoka hapa kunagharimu sana.

Kufunga

Spana ya toki si anasa kwenye kaboni. Shingo ya usukani Nm 5, nguzo ya siti 5 hadi 6, bolti mbili za krenki ya Shimano 12 hadi 14, kaseti 40, na diski inayofungwa kwa pete ya nyuzi katikati pia 40. Namba iliyochapwa kwenye kifaa chenyewe ndiyo inayotawala. Nguzo ya siti ya kaboni haipakwi grisi. Ipake pesti ya kaboni yenye chembe, ili ishike kwa nguvu ndogo. Bolti za alumini ni za vishika chupa tu.

Bomba la foku kata kwa msumeno wa meno madogo, meno 32 kwa inchi, ukiwa umelizungushia tepu na kulilowesha maji, huku umevaa barakoa. Acha liwe chini ya ukingo wa juu wa shingo kwa milimita 3. Ndani weka plagi ya kutanuka. Ile nyota ya chuma ya foku za alumini huchana kaboni.

Baiskeli ikienda kwa basi, weka plastiki kati ya pedi. Mkono wa breki ukibanwa bila gurudumu, pistoni hutoka nje. Isafiri ikiwa imesimama.

Kwenye mteremko, bana kwa nguvu kabla ya kona kisha achia. Usiburuze breki kilomita nzima, maana pedi hung'aa kama kioo na kupoteza mshiko. Ukifika chini na mkono wa breki unazama hadi karibu na usukani, lakini ukipoa unarudi kuwa mgumu, mafuta yamechemka au yana hewa. Usiurudie mteremko huo mpaka uyabadilishe.