Mlingoti una ufa, niunge au nibadilishe?

Wadogo zangu mlioanza useremala hapa Moshi, hili swali naulizwa sana, maana watu wa ngalawa kule Tanga wanatafuta miti mirefu iliyonyooka na sisi huku milimani tunayo, basi mtu anatuma picha ya mlingoti wake, "fundi huu unaungika au nitafute mwingine?" Nilifanya kazi Tanga kabla sijarudi nyumbani, nawaambia nilichokiona kwa macho.

Usihangaike na ukubwa wa ufa kwanza, angalia umelala vipi. Ufa unaofuata urefu wa mti, hata kisu kikiingia kidogo, mara nyingi ni mti umekauka tu, uache. Na usiujaze kitu kigumu, mti ukilowa unavimba, kile kigumu hakisogei, ufa unazidi kufunguka. Ila ukikuta mstari mwembamba umekatiza mlingoti, kama kunyanzi la ngozi, tena pengine hauonekani mpaka ukwangue rangi, hapo nyuzi zimeshapondeka na huo mti umevunjika tayari ingawa bado umesimama.

Hili linaniuma mpaka leo. Mwaka wangu wa pili nilipokea mlingoti wenye mstari kama huo nikauzungushia bati na misumari, mwenyewe akafurahia bei, wiki ya pili ukakatika palepale. Walirudi kwa makasia, nashukuru Mungu hakuna aliyeumia. Bati linatunza maji ndani, na misumari iliyopangwa mstari mmoja inamalizia nyuzi zilizobaki. Msifanye hivyo kwa chombo kinachobeba watu, hata akubembeleze vipi.

Kuoza nako kunaanzia chini kwenye kikalio, yaani kitako mlingoti unapokalia, na kwenye matundu ya kamba. Chomeka bisibisi ubanjue kidogo: kikitoka kibanzi kirefu mti ni mzima, ukimeguka vipande vifupi kama mkate mkavu umeoza, endelea kuchoma mpaka ufike palipo pazima.

Sasa kama palipoharibika ni pafupi na kwingine kote kuzima, kata uunge kwa mshazari, na mshazari uwe mrefu, mimi natumia 12 kwa 1, yaani mlingoti wenye unene wa sentimita 10 unataka mshazari wa sentimita 120, usiogope kupoteza mti. Tumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, gundi nyeupe ya makabati hapana kabisa, haivumilii maji na ikivutwa muda mrefu inateleza taratibu. Klampu, yaani vibanio, usizikaze kupita kiasi, epoksi yote isije ikatoka.

Ila kama kuoza kumepita ubao unaoushika mlingoti kwenye chombo, au ile mistari ya kukatiza iko miwili mitatu, mwambie ukweli anunue mpya. Mchagulie mti wenye vifundo vichache na vidogo, umenye maganda, ukauke kivulini, na ncha zote mbili zipake rangi siku hiyohiyo ya kukata, unyevu unatoka haraka huko na nyufa zinaanzia huko.