Mahindi yenye ukungu: kuosha hakutoshi

Swali: Mahindi ya Handeni yameota ukungu. Nikiyaosha nikasaga unga, bado yatadhuru kinga ya mwili? – Msomaji, Tanga mjini

Jibu: Ndiyo. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha, na punje inayong'aa yaweza kuwa nayo. Hudhoofisha chembe nyeupe za damu zinazomeza vijidudu, pamoja na chembe T zinazoua seli zenye virusi. Kuku nao usiwape.

Msimu ujao anika kwenye turubai, kisha pima: chupa kavu ya kioo, punje hadi theluthi, vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, usikimbilie gunia: ghala hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5, kipimo ambacho chumvi haikioni, kwa hiyo anika tena.